Kufufua Enduro 15 kuukuu nyumbani: kwa nini geji ya Kisumu haisomi kama ya Lamu

Jirani wa Ziwa (Nyalenda, Kisumu)

Wadau, salamu. Huku kandokando ya ziwa, mwenye boti akishavuta kamba mpaka bega likamuuma anaambiwa maneno mawili tu: "kompresheni imekwisha," yaani silinda haibani tena hewa ya kutosha. Baada ya hapo ni kununua bloku nyingine au kuuza mashine kwa watu wa chuma chakavu. Msimamo wangu, na najua kuna mafundi watanirukia, ni kwamba nyingi ya mashine hizo hazijapimwa kabisa, na zilizopimwa zimehukumiwa kwa namba ya kuazima Pwani.

Iliyo kwenye stendi uani kwangu ni mashine ya boti, Yamaha Enduro 15, silinda mbili, sentimita za ujazo 246, pistoni ya milimita 56 na mwendo wa milimita 50. Ilikuwa inasukuma boti ya omena upande wa Usenge. Mwenyewe alilalamika kwamba haishiki asubuhi, ikishika haina nguvu ikiwa na mzigo, na haikojoi sawasawa, yaani maji ya kupozea hayatoki vizuri kwenye kibomba chake. Fundi mmoja akamwambia silinda zote mbili zimekufa. Akaniuzia.

Kabla ya kugusa boliti yoyote, pima kompresheni kwa geji inayofungwa kwenye tundu la plagi. Ikiwezekana iwashe ipate joto. Hii ilikataa, kwa hiyo niliipima baridi. Toa plagi zote mbili, si moja. Waya za plagi zigusishe kwenye chuma cha bloku, maana cheche ikikosa pa kwenda inaweza kuua CDI, kile kifaa cha umeme kinachotengeneza cheche. Gesi fungua yote, kwa sababu kabureta ikiwa imefunga silinda haivuti hewa ya kutosha na geji itasoma chini. Halafu vuta kamba kwa nguvu ile ile kila mara mpaka mshale ugome kupanda.

Silinda ya juu ilinipa psi 104 (psi ni kipimo cha presha). Ya chini 82.

Sasa hapo mwenye macho ya pupa anasema zote mbovu. Mimi niliangalia kwanza tofauti ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15, moja ina ugonjwa. Nikamimina kijiko kidogo cha oili kwenye ile ya chini, nikavuta tena: ikapanda hadi 98. Oili ikipandisha namba hivyo, hewa inapita kwenye ringi. Isipopandisha, anza kushuku gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda), au pistoni yenye tundu.

Nitaendelea nikishafungua hedi. Geji nilipata Kibuye, kwa wanaouliza.

---

Spana 17 (Kisumu)

Omera, 104 nayo ni ya kujisifia? Fungua, chonga silinda zote mbili uweke pistoni kubwa zaidi, maliza. Hizo hesabu za kijiko ni za wenye muda.

---

Mlinda Jahazi (Lamu)

Ndugu yangu Jirani, huku kwetu mashine kama hiyo ikisoma 104 mwenyewe huanza kutafuta pesa ya ringi. Nina 15 kama yako, si mpya hata kidogo, na inapiga 120 juu na 118 chini. Sikubishii, nauliza tu: hiyo silinda ya juu una hakika ni nzima?

---

Jirani wa Ziwa

@Mlinda Jahazi swali lako ndilo nililokuwa nalingoja.

Wewe uko usawa wa bahari. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu yake. Hewa ya nje hapo kwako ina presha ya psi 14.7, hapa ni kama 12.8. Mashine haiwezi kubana hewa ambayo haikuipata, na geji yenyewe inasoma tu kile kilichozidi hewa ya nje.

Chukua 120 yako. Jumlisha 14.7, unapata 134.7, ndiyo presha kamili ndani ya silinda. Ilete mashine hiyo hiyo Dunga bila kugusa kitu. Inaanza na hewa pungufu kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo 134.7 inashuka hadi kama 117. Toa 12.8 ya hewa ya hapa, geji inabaki na 104 au 105.

Kwa hiyo 120 ya Lamu ni 104 ya Kisumu. Silinda yangu ya juu ni ndugu wa damu wa yako.

@Spana 17, kaka, ndiyo maana nasumbuka na kijiko. Mteja akichongewa silinda mbili kwa sababu ya urefu wa ziwa, hela yake imelipia jiografia.

---

Kijana wa Karagita (Naivasha)

Nimesoma hiyo hesabu mara mbili na nimekasirika kidogo. Mwaka jana niliuziwa ringi mpya kwa sababu geji ilisoma 96 pande zote mbili. Tuko mita 1,880 na ushei huku Naivasha. Ina maana ilikuwa nzima?

---

Jirani wa Ziwa

Huko kwenu hewa imepungua kwa asilimia 20. Fanya hesabu ile ile: 134.7 inakuwa 107 na kitu, toa 11.7, unabaki na 96. Na kama zote mbili zilisoma sawa, pole sana.

---

Spana 17

Sawa, hiyo nimeikubali. Lakini ya chini bado ni 82, na hiyo si jiografia. Fungua tuone.

---

Jirani wa Ziwa

Nimefungua. Boliti za hedi zilinipa kazi kuliko nilivyotarajia, na hapo nikagundua historia ya mashine hii ambayo muuzaji hakunieleza. Kuzunguka vichwa vya boliti kulikuwa na unga mweupe mgumu, ule unaotokea alumini ikiliwa na chumvi. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi. Hii iliwahi kufanya kazi baharini.

Boliti ya namna hiyo usiivute kwa hasira. Niliipaka mafuta ya kulegeza kutu nikaiacha usiku. Asubuhi nikaipasha moto wa gesi pale kwenye alumini inayoizunguka, si kichwani pa boliti, nikaigonga kichwa taratibu kwa nyundo ndogo, kisha nikaikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Ilitoa mlio mkavu, ikasogea chini ya robo mzunguko. Mafuta tena, mbele, nyuma, mbele, nyuma, unga ukawa unatoka kama chaki. Mkono ukihisi boliti inajinyonga kama mpira badala ya kuzunguka, simama hapo hapo, inakaribia kukatika.

Ndani: pistoni ya juu safi, masizi ya kawaida. Pistoni ya chini ringi ya kwanza imegandishwa na masizi kwenye mfereji wake, hata ukucha hauisogezi, na upande wa ekzosi kuna mikwaruzo ya kushuka chini inayoshikika kwa kidole. Kwa mwenye karakana tukapima silinda kwa geji ya ndani. Kikomo cha Yamaha ni milimita 0.08 kwa tofauti ya juu na chini ya silinda, na 0.05 kwa kutokuwa duara. Ya chini imepita. Ya juu haijapita, ila imekaribia mno.

---

Mwanza Kwetu (Mwanza)

Habari za upande wa pili wa ziwa. Usianze kuagiza pistoni bado, kaka. Mashine hiyo ina kabureta moja inayolisha silinda zote mbili. Mafuta yangekuwa mabovu au jeti imeziba, zingeungua zote. Kwa nini imeungua ya chini peke yake?

---

Jirani wa Ziwa

@Mwanza Kwetu Mungu akubariki, hapo ndipo kazi nyingi za uani zinapoharibika. Watu wanaweka pistoni mpya bila kujua ya zamani iliuawa na nini, halafu mpya nayo inakwenda njia hiyo hiyo, na lawama anatupiwa muuza spea.

Mashine ya tu-stroki inapumua kupitia chumba cha krenki. Mchanganyiko unaingia pale kwanza, pistoni ikishuka unabanwa, ndipo unapanda silindani. Chumba hicho kikivuja, silinda ya upande huo inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwembamba, na kwa kuwa oili iko ndani ya petroli, hewa ikizidi oili nayo imepungua. Joto linapanda, oili haitoshi, pistoni inakwaruza.

Nikatoa krenki. Oili sili ya chini kabisa, ile inayokaa juu ya mguu, mdomo wake umekuwa mgumu kama plastiki na una ufa. Huyo ndiye muuaji. Sili moja ndogo, ambayo hakuna anayeikumbuka kwa sababu haionekani mpaka utenganishe bloku na mguu.

Kwa hiyo agizo langu likawa: pistoni na ringi kubwa zaidi kwa milimita 0.25 kwa silinda zote mbili, sili zote za krenki, gasketi zote, impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji) na vifaa vyake. Beringi za krenki zilikuwa nzuri, hazina mchezo wala mlio.

---

Spana 17

Kwa nini zote mbili? Wewe mwenyewe umesema ya juu ni nzima. Kuchonga moja tu inaruhusiwa, tofauti ya uzito wa pistoni ni ndogo.

---

Jirani wa Ziwa

Inaruhusiwa, na ingekuwa ya mteja mwenye haraka ningechonga moja. Lakini ya juu imekaribia kikomo na bloku iko nje mezani. Sitaki kurudi ndani mwakani.

Mambo ya karakana ya kuchonga nayaeleza kidogo maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa mbele ya macho yao. Peleka pistoni mpya pamoja na bloku. Mchongaji apime pistoni iliyo mkononi mwake, asichonge kwa namba aliyoikariri. Nafasi kati ya pistoni na silinda ni sehemu za mia za milimita, na kila modeli ina yake kwenye kitabu chake. Baada ya kuchonga, silinda isuguliwe kwa mawe ya kuzungusha hadi ukutani uone mistari inayokatizana, hiyo ndiyo inayoshika oili. Na kuna hatua ambayo karakana zilizozoea bloku za magari huiruka: kingo za matundu ndani ya silinda hubaki na ukali wa kisu baada ya kuchonga. Kwenye gari hakuna matundu ukutani. Kwenye tu-stroki ringi inapita juu ya matundu hayo maelfu ya mara kwa dakika, na ukingo mkali utainasa ringi na kuivunja. Kingo lazima zivunjwe ukali kidogo kwa jiwe au faili laini. Nilisimama pale nikaangalia ikifanyika. Mwenye karakana alinuna, lakini alifanya.

Bloku ikirudi, ioshe kwa maji moto na sabuni, si petroli peke yake. Petroli inaacha vumbi la jiwe kwenye mistari ile. Pitisha kitambaa cheupe; kikitoka kijivu, osha tena. Kikitoka cheupe, paka oili hapo hapo kabla kutu haijaanza.

---

Mama wa Mialo (Mbita)

Hamjambo wanangu. Mimi si fundi, nina boti zangu tatu na vijana wanaoziendesha. Hayo ya milimita yananipita. Niambieni la kawaida: vijana wananiambia oili ya pikipiki ni sawa na oili ya boti, na ni rahisi zaidi. Ni kweli? Na kipimo ni kipi, maana kila mmoja ana chupa yake.

---

Mlinda Jahazi

Shikamoo mama. Si sawa. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3, hiyo ndiyo alama ya oili ya mashine za boti za tu-stroki zinazopozwa kwa maji. Ya pikipiki imetengenezwa kwa injini ya moto zaidi inayopozwa kwa hewa, na nyingi zina viungo vinavyoacha majivu. Kwenye mashine ya boti majivu hayo hukaa kwenye plagi na mifereji ya ringi. Hiyo ringi ya Jirani iliyogandishwa, ningeanzia kuuliza ilikuwa inanyweshwa oili gani.

Kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Dumu la lita 20, mililita 400. Nunua chupa moja yenye mistari ya vipimo, iwe ya kila boti, na chupa za soda zitupwe.

---

Mama wa Mialo

Marahaba. Chupa nitanunua kesho. Na petroli iliyochanganywa na mafuta taa? Huku visiwani hununui kwenye pampu, unanunua kwenye dumu la mtu.

---

Jirani wa Ziwa

Mama, hilo ndilo linalonitisha kuliko oili. Mafuta taa yanawaka kwa kugongagonga silindani badala ya kusukuma pistoni kwa upole, na mlipuko ule unaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Serikali yenyewe iliona uchakachuaji umezidi hadi mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili bei isiwavutie wachanganyaji. Ziko mashine za Yamaha zilizoundwa kutumia mafuta taa, zenye kompresheni ya chini, lakini Enduro ya kawaida si mojawapo.

Jaribio la mwaloni: dondosha tone kwenye karatasi safi, iache kivulini. Petroli safi hukauka upesi isiache kitu. Ikibaki doa la grisi lenye harufu ya taa, usitie. Na ujaribu kabla oili haijachanganywa, maana oili nayo inaacha doa.

---

Kijana wa Karagita

Turudi kwenye kufunga. Pistoni inaelekea wapi? Nimeona mtu akiifunga kinyume na ikawaka vizuri tu, kwa muda.

---

Jirani wa Ziwa

Alama ya UP kwenye pistoni inatazama flaiwili (lile gurudumu zito la juu ya krenki), yaani juu. Kwenye kila mfereji wa ringi kuna pini ndogo. Ncha mbili za ringi zikumbatie pini hiyo. Ndiyo inayozuia ringi kuzunguka hadi ncha zake ziangukie kwenye tundu. Kabla ya hapo weka ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Kitabu kina kipimo. Ukiupuuza na mwanya ukawa mdogo, ringi ikipata joto inarefuka, ncha zinagongana, na umerudi karakana.

Nusu mbili za chumba cha krenki hazina gasketi ya karatasi, zinafungwa kwa gundi maalumu ya kuziba. Safu nyembamba. Inayozidi inamwagikia ndani na kuziba njia za oili za beringi. Boliti zote, za krenki na za hedi, zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa hatua mbili, na toki renchi. Asiye nayo aazime. Mkono wa fundi mzoefu ninauheshimu, lakini alumini haina heshima kwa mtu.

Flaiwili itolewe kwa pula, si kwa nyundo na nondo. Nilipoitoa niliangalia ule ufunguo mdogo wa chuma unaoishikilia kwenye krenki. Ukikatika nusu, flaiwili inasogea nyuzi kadhaa na cheche inapigwa wakati si wake. Mtu anabadilisha kabureta mara tatu na ugonjwa uko juu. Wangu ulikuwa mzima. Koili nilizipima kwa malti-mita nikalinganisha na kitabu, nazo ziko sawa.

---

Mwanza Kwetu

Na lile la kutokojoa?

---

Jirani wa Ziwa

Impela. Mapanga yake ya mpira yalikuwa yamelala upande mmoja hata baada ya kutolewa, na nyumba yake ina mifereji ya mchanga. Boti za omena zinasukumwa hadi ufukweni mashine ikiwa bado inazunguka, inavuta tope. Unapoirudisha, zungusha shafti kwa mwelekeo wa saa huku ukishusha nyumba, ili mapanga yalale upande ule yatakaofanyia kazi. Bomba dogo la kukojolea nalo nililipitisha waya, likatoa tope lililokauka.

Oili ya gia ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Maji. Nikatoa propela, nyuma yake uzi wa nailoni wa nyavu umejisokota kwenye shafti hadi ukakata sili. Kwa anayefanya kazi karibu na nyavu, toa propela mara kwa mara uangalie. Sili mpya, oili ya gia ya 90, ukijaza kutoka tundu la chini mpaka itoke la juu. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani.

---

Mama wa Mialo

Na gugu maji? Upepo ukibadilika ghuba yote ya Winam inafunga, vijana wanapita humo humo.

---

Mwanza Kwetu

Mama, wakiona mkojo umepungua wazime, wainue mguu, watoe majani kwenye chujio za pembeni kwa mkono. Kurudi nyuma kidogo kwa gesi ndogo kunasaidia kuyatapika ya kwenye propela. Wakilazimisha kupita kwa gesi kubwa bila maji, dakika chache zinatosha kuunguza impela na kugandisha ringi. Hiyo gharama inazidi samaki wa siku hiyo.

---

Jirani wa Ziwa

Imewaka! Pipani, uani, mlango wa nyumba umefungwa maana moshi wa pistoni mpya ni mzito na una sumu, usiwashie ndani ya banda. Maji yafunike tundu za kuvutia. Mwenye nyumba hakufurahia pipa lake kunuka oili, hilo nitalishughulikia.

Mchanganyiko wa kuzoesha ni 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita, kwa saa 10 za kwanza. Dakika 10 za mwanzo mwendo wa chini kabisa. Saa hiyo iliyobaki usizidi mizunguko 3,000, ukibadilisha badilisha. Saa ya pili hadi kama 4,000. Baada ya hapo gesi yote inaruhusiwa kwa vipande, visizidi dakika tano. Kompresheni sasa ni 103 na 101, na ringi hazijakaa vizuri bado.

---

Spana 17

Sasa twende kwenye utamu. Kwa kuwa hewa ni kidogo huku juu, punguza hedi kidogo kwenye mashine ya kukata ili kompresheni ipande, na ubadilishe jeti kubwa (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) uweke ndogo. Utapata nguvu yako ya Lamu.

---

Jirani wa Ziwa

Kwenye karatasi uko sahihi, kaka. Kwenye petroli ya dumu la mtu sikubali. Kompresheni ikipanda inadai petroli safi, na umesikia Mama anavyonunua. Hedi sigusi.

Jeti kubwa nayo naiacha. Kweli hewa pungufu inafanya mchanganyiko uwe mzito kidogo, unaona plagi inatoka nyeusi kuliko kahawia. Lakini uzito huo ni oili ya ziada kwa pistoni. Kwa mita 1,134 nakubali hasara hiyo ndogo. Nilichorekebisha ni skrubu ya mwendo wa chini: ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, halafu utafute kwa sikio pale inapotulia na kupokea gesi bila kusita. @Kijana wa Karagita, kwa mita 1,880 ningeteremka saizi moja ya jeti, na ningeangalia plagi baada ya kila safari ya gesi yote. Kahawia ni salama. Ikianza kuwa nyeupe kama chokaa, rudisha ile ya zamani siku hiyo hiyo.

Nguvu ya kweli ya kutafuta iko kwenye propela, na hapo ndipo mafundi wetu hawafiki. Mashine inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Farasi 15 za Lamu hapa ni 13 na kidogo, Naivasha ni 12 na kidogo. Lakini propela inayouzwa nayo haijui hilo. Enduro 15 inatakiwa ifike kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 ikiwa na mzigo wake na gesi yote. Nilifunga takometa ile ya kuzungushia waya wa plagi (iweke kwenye mpangilio sahihi wa cheche, la sivyo itasoma nusu au mara mbili), tukapakia mawe ya uzito wa nyavu na watu, tukatoka Dunga. Ilikwama 4,200. Hapo mashine inasukuma ikiwa imebanwa koo, joto linapanda, na mwenyewe anasema "haina nguvu".

Propela iliyokuwapo ni ya pichi 11, yaani inchi ambazo ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja ya pichi ukiipunguza unapata mizunguko 150 hadi 200. Nikaweka ya 9, na mzigo ule ule ukatoa 4,600 hivi. Boti imeondoka majini kwa wepesi ambao mwenyewe wa zamani, niliyemwalika, alidhani nimebadilisha kabureta.

---

Kijana wa Karagita

Yangu iko 11 vile vile, na huku mita 1,880. Niende 9 au 8?

---

Jirani wa Ziwa

Pima kwanza na mzigo wako wa kawaida. Ikikwama chini ya 4,200 nenda 8. Ikifika 4,300 na kitu, 9 inatosha. Boti tupu isikudanganye, na ukiwa na ya 8 usiiachie gesi yote boti ikiwa tupu, itapita 5,500.

---

Spana 17

Naomba takometa yako Jumamosi. Kuna boti mbili Usoma niliziambia kompresheni imekwisha.